Ubunifu huria wa mitindo

Ubunifu huria wa mitindo ni namna ya kubuni mavazi ambapo mbunifu huruhusu watu wengine kutumia, kubadilisha na kusambaza vigezo vya nguo zake. Kigezo ni mchoro wa ukubwa halisi unaoonyesha umbo la kila kipande cha kitambaa kinachokatwa ili kushona nguo. Wazo hili linafanana na lile la programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Baadhi ya vigezo hivyo hufuata mitindo iliyopata umaarufu kupitia wabunifu wakubwa.

Historia

Mwaka 1920 msanii Thayaht (jina halisi Ernesto Michahelles) wa mjini Firenze, Italia, alitangaza vazi la kipande kimoja aliloliita TuTa. Lilikatwa kwa mistari iliyonyooka, na kigezo chake kilichapishwa katika gazeti la La Nazione ili watu wajishonee wenyewe. Hadi leo neno tuta katika Kiitalia lina maana ya ovaroli.

Kuanzia mwaka 1949 kampuni ya vigezo ya Vogue iliuza vigezo vya mavazi ya wabunifu wa Paris kwa makubaliano nao. Hivyo havikuwa huria, kwa kuwa mnunuzi hakuruhusiwa kuvisambaza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tovuti ya SHOWstudio, iliyoanzishwa na mpiga picha Mwingereza Nick Knight, ilitoa bure kigezo cha koti la Alexander McQueen lenye umbo la kimono.

Namna inavyofanya kazi

Programu huria kama Valentina, Seamly2D na FreeSewing huchora kigezo kwa kufuata vipimo vya mwili wa mtu mmoja, kama vile kifua, kiuno na urefu wa mkono. Mtumiaji huchapa kurasa za kawaida, huzigundisha pamoja, kisha hukata kitambaa. Anayeujua mchoro anaweza kubadilisha kola au mikono na kulitoa toleo lake kwa wengine.

Sheria

Kufuata mtindo si sawa na kunakili kazi ya mtu. Kwa mfano, koti fupi lisilo na kola lilipata umaarufu kupitia Coco Chanel katika miaka ya 1950. Mtu anaweza kuchora upya kigezo cha koti la namna hiyo. Lakini akichukua kigezo kinachouzwa na kukisambaza bila ruhusa, anavunja hakimiliki. Akiweka jina au nembo ya Chanel kwenye nguo anayouza, anavunja sheria ya alama za biashara.

Nchini Marekani nguo huhesabiwa kuwa kitu cha matumizi, hivyo mkato wake kwa kawaida haulindwi na hakimiliki. Michoro iliyo juu ya nguo inaweza kulindwa, kama Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilivyoamua mwaka 2017 katika kesi ya Star Athletica dhidi ya Varsity Brands. Katika Umoja wa Ulaya umbo jipya la nguo hulindwa kwa miaka 3 bila kusajiliwa, na hadi miaka 25 likisajiliwa.

Faida na changamoto

Vigezo huria humsaidia mwanafunzi wa ushonaji kuona jinsi nguo ilivyojengwa, na huwafaa watu ambao saizi za madukani haziwatoshi vizuri.

Hata hivyo, leseni huria, kama zile za Creative Commons, hutegemea hakimiliki. Zinaweza kumtaka anayesambaza mchoro na maelezo ya kushona amtaje mbunifu. Lakini pale ambapo sheria hailindi mkato, kiwanda kinaweza kushona nguo ileile kwa wingi bila kumtaja wala kumlipa. Jina kubwa hubaki na alama yake ya biashara. Mbunifu mdogo asiye na alama inayojulikana ndiye aliye katika hatari zaidi ya kupoteza.