Mwacheni Avae Shati Mwenyewe

Fungu letu la leo ni Marko 10:46-52, habari za Bartimayo.

Bartimayo alikuwa kipofu, mwombaji wa kando ya njia huko Yeriko. Alipoitwa alisimama kwa miguu yake, akamwendea Bwana. Naye Bwana, kabla ya kumtendea lolote, alimwuliza haja yake. Somo hilo sisi tulichelewa kulielewa.

Hapa Kinondo tulimzuru mama mmoja mshiriki, mwenye mwana wa miaka 12 ambaye akili yake hukua polepole. Mama alimwogesha, akamvika, akamlisha kwa mkono wake. Tukausifu upendo wake, tukaomba, tukainuka twende zetu. Ndipo akatuuliza, "Kasisi, miye nina ugonjwa wa sukari, na macho yanafifia. Nikifa, nani atamwogesha mwanangu?" Hatukuwa na jibu.

Jibu tulilipata kwa mwalimu wa watoto wenye ulemavu. Alitueleza kwamba kuvaa shati si kazi moja, bali ni kazi nyingi ndogo: kutambua mbele na nyuma, kuingiza mkono wa kwanza, kisha wa pili, kuweka ukosi sawa, kufunga vifungo. Mtoto afundishwe moja moja. Tena mara nyingi ni vyema kuanzia mwisho. Mama afunge vifungo vyote, amwachie mtoto kile cha chini. Akikifunga, yeye ndiye aliyemaliza kazi, naye asifiwe. Akizoea, aachiwe viwili, kisha vitatu, mpaka siku moja shati lote liwe lake.

Mwanzoni mwalimu huushika mkono wa mtoto. Baadaye humgusa kiwiko tu. Kisha humwonyesha kwa kidole. Mwisho hukaa kimya. Kukaa kimya ndiko kugumu kwetu wazazi.

Kwa mtoto asiyeona, ndoo, kata na sabuni vikae mahali pale pale kila siku. Akijifunza kumimina maji, yawe ya baridi, naye aweke kidole ukingoni mwa kikombe apate kujua yamefika. Ndivyo watoto wanavyofundishwa pia kutambua sarafu kwa kuzipapasa, kukuna nazi juu ya mbuzi, na kuvuka barabara.

Kazi hii si ngeni nchini mwetu. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya vipofu Thika mwaka 1946. Mwaka 1984 Kenya ilianza vituo vya kuwapima watoto wenye ulemavu na kuwashauri wazazi, na mwaka 1986 ikafunguliwa KISE, chuo cha walimu wao. Siku hizi shughuli za maisha ya kila siku ni somo katika mtaala wa wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Lakini mtoto aliyejifunza shuleni, akija likizo akatendewa kila kitu, husahau. Shati huvaliwa nyumbani.

Mama yule alianza na kifungo cha chini. Yalipita majuma mengi. Siku nyingine mtoto alilia na kulitupa shati. Jumapili moja akaingia kanisani vifungo vimepishana, upande mmoja umepanda, mwingine umeshuka. Mzee mmoja akanyosha mkono amtengeneze. Mama akasema, "Mwache, baba. Amefunga mwenyewe." Mzee akaurudisha mkono, na ibada ikaendelea.

Swali la mama halijaisha. Huenda kijana huyu akahitaji mtu wa karibu maisha yake yote. Lakini atakayempokea atapokea mtu ajuaye kuoga na kuvaa, si mzigo wa kubebwa. Na huyo wa kumpokea atoke wapi, kama si miongoni mwetu tunaokaa naye benchi moja?

Ndugu msikilizaji, je, nyumbani mwako yuko mtoto wa namna hii? Kesho asubuhi amka mapema kidogo, mwachie kifungo kimoja, nawe ungoje.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwuliza Bartimayo haja yake, utufundishe kuuliza kabla ya kutenda, na kungoja bila kuchoka. Uwatie nguvu wazazi wote wenye hofu ya kesho. Amina.