Risasi Moja, Silaha Mbili

Wahenga walinena: mshika mbili moja humponyoka. Hata hivyo, huko Marekani katika karne ya 19 wako waliotumaini kuzishika zote mbili. Mwaka 1873 kampuni ya Winchester ilitoa bunduki ikokiwayo kwa wenzo wa mkono, itumiayo risasi ya .44-40, miaka michache baadaye kampuni ya Colt ikaunda rivolva ya risasi iyo hiyo. Mchunga ng'ombe aliyeishi mbali na duka akatosheka na kasha moja la risasi.

Risasi ya .44 Magnum, iliyozuka katika miaka ya 1950, ilifufua tamaa hiyo. Ndani ya mtutu mrefu hupata kasi zaidi kuliko ndani ya rivolva, na teke lake begani huvumilika.

Mbona basi wawindaji wengi hawakuiacha .30-30, iliyo nyembamba na yenye kasi zaidi? Kwa sababu risasi ya rivolva ni nene na butu. Kasi yake hufifia upesi, nayo hushuka mapema. Kwa umbali wa mita 100 humwangusha kulungu barabara. Mbali zaidi, yumkini ikamjeruhi tu, akenda kufa porini kwa mateso. Wepesi wa kasha moja haumwondolei mwindaji wajibu wa kuijua mipaka ya silaha yake.