"Hat-trick": Kofia Imeingiaje Uwanjani?

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeishi Hai Mauna, jijini Juba, amezungukwa na lugha nyingi. Kiingereza ni lugha rasmi ya Sudan Kusini, Kiarabu cha Juba husikika sokoni na mitaani, na Kiswahili kimepata nafasi mpya tangu nchi hiyo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Hata jina la mtaa wake ni somo. Akilisoma kwa Kiswahili, atadhani "hai" ni kinyume cha "mfu". Kumbe hapa ni neno la Kiarabu lenye maana ya mtaa. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, lakini kufanana kwa umbo si kufanana kwa maana.

Tatizo hili huwa kubwa zaidi tunapofika kwenye nahau. Tuchukue "hat-trick", ambayo kila mpenzi wa soka huisikia. "Hat" ni kofia, na "trick" kwa kawaida ni hila. Mwanafunzi akifasiri neno kwa neno atapata "hila ya kofia", na msomaji wake atamfikiria mfanya mazingaombwe badala ya mshambuliaji.

Chimbuko la nahau hii ni mchezo wa kriketi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1858, mjini Sheffield, Uingereza, mrushaji mpira H. H. Stephenson aliwatoa wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Watazamaji wakachangishana fedha, ikanunuliwa kofia, akazawadiwa. Katika miaka ya 1860 neno hilo likaanza kuonekana magazetini. Kwa hiyo "trick" hapa si hila, bali ni tendo la umahiri.

Neno lilipohamia kwenye soka, masharti yake yalilegea. Katika kriketi ni lazima mipira ifuatane. Wakenya wanakumbuka Kombe la Dunia la 2003, pale Brett Lee wa Australia alipowatoa wapigaji wao watatu kwa mipira mitatu mfululizo mjini Durban. Katika soka inatosha mchezaji mmoja kufunga mabao matatu katika mchezo mmoja, hata kama wengine wamefunga katikati. Ndivyo alivyofanya Abdallah Kibadeni mwaka 1977, Simba ilipoifunga Yanga mabao 6-0. Nje ya michezo, sharti la mfululizo linarudi: chama kinachoshinda uchaguzi mara tatu mfululizo nacho husemwa kimepata "hat-trick".

Basi mfasiri hawezi kutumia jibu moja kila mahali. Kwa kriketi aseme "amewatoa wapigaji watatu mfululizo". Kwa soka, "amefunga mabao matatu katika mchezo mmoja". Kwa siasa au biashara, "ushindi wa tatu mfululizo". Akiandika kwamba chama kimefunga mabao matatu, msomaji atatafuta uwanja usiokuwepo, na habari yenyewe itakuwa imepotoka.

Kiswahili cha viwanjani nacho kina usemi wake: mchezaji "ameondoka na mpira". Mgeni wa lugha anaweza kudhani ametajwa mwizi. Maana yake ni kwamba, kwa desturi ya soka, mfungaji wa mabao matatu hupewa mpira wa mchezo huo kama kumbukumbu. Kiingereza kimehifadhi zawadi ya kriketi, Kiswahili kimetaja zawadi ya soka. Mwalimu anayefundisha nahau hizi mbili pamoja atawaonyesha wanafunzi wake kwamba nahau hufasiriwa kwa tukio inalolieleza, wala si kwa maneno yaliyoiunda.

Zoezi kwa wanafunzi: Tafuta katika magazeti ya Kiingereza habari tatu zenye neno "hat-trick", moja ya soka, moja ya kriketi na moja isiyo ya michezo. Zifasiri kwa Kiswahili, kisha eleza kwa nini tafsiri zako zimetofautiana.