Kabla Hujanunua Pistoni Mpya

Subaru zenye turbo, hasa Forester na Impreza zilizojaa Nairobi, huletwa gereji na dalili zilezile: moshi wa bluu, oili inapungua bila kuvuja, silinda moja imepoteza kompresheni. Injini ikifunguliwa, mara nyingi ukuta mwembamba wa aluminiamu ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili unakutwa umemeguka. Mwenye gari huambiwa alete pistoni moja, seti ya ringi na gasketi. Hapo ndipo pesa inapoanza kupotea, maana pistoni haikujivunja yenyewe.

Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi, zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikashindilia hewa ndani ya silinda. Joto na mgandamizo vikizidi, petroli haingoji moto wa plagi uifikie. Sehemu yake hulipuka yenyewe, na kishindo hicho kinaishia kwenye ukuta ule mwembamba. Huenda nozeli imeziba, au kompyuta ya gari imechezewa ili turbo isukume zaidi, au mvuke wa oili unaingia pamoja na hewa. Petroli nayo isisahaulike. Kiwango cha Japani kinataka petroli ya daraja la juu iwe na okteni isiyopungua 96, ya kawaida 89, na injini nyingi za turbo za soko la kule zilipangwa kwa ile ya juu. Zikinyweshwa petroli ya okteni ya chini, kompyuta hujaribu kuchelewesha cheche, lakini uwezo wake una mwisho.

Kisha kuna vipande vyenyewe. Unga wa chuma husafiri na oili hadi kwenye beringi za kranki, pampu na mhimili wa turbo, na hunasa ndani ya kipoza oili, ambacho hata kikisuuzwa huwezi kukiamini tena. Kibadilishwe. Silinda nazo zipimwe kwa geji juu, kati na chini. Zikiwa zimechubuka, pistoni za saizi kubwa zipatikane kwanza, ndipo silinda zichongwe kuzifuata. Hata mwanya wa ringi una neno: ukiwa mdogo mno, ringi ikipata moto hutanuka, ncha zake zikakutana, na ukuta uleule ukamegeka upya.

Wapo wanaosema injini ya mtumba kutoka Japani ni nafuu. Ni kweli, na bloku ikiwa imepasuka huo ndio uamuzi wa busara. Ila ukiifungia turbo ileile, kipoza kilekile na nozeli zilezile, umehamisha ugonjwa tu. Wengine watakutajia gari lililobadilishwa pistoni moja na bado linatembea. Linaweza, kama silinda haikuguswa na chanzo kiliondolewa. Lakini pistoni tatu zilizobaki zilikula petroli hiyohiyo na moto huohuo. Anayekubali kulipia moja aulize kwanza kama nozeli ya silinda ile imepimwa, na ilitoa petroli kiasi gani ikilinganishwa na wenzake.