Chembe ndogo ya mafuta yabeba dawa ya kala-azar

KWA mfugaji wa Baringo, Pokot Magharibi au Turkana, kichuguu ni kiti. Hukikalia jioni akihesabu mbuzi wanaporejea. Lakini katika nyufa zake huishi usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, ambaye hueneza ugonjwa wa kala-azar.

Mgonjwa hushikwa na homa isiyokoma, hukonda na bandama yake huvimba. Asipotibiwa, karibu kila mara hufariki.

Mwaka 2010, tiba iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa Afrika Mashariki ilikuwa sindano za dawa mbili kila siku kwa siku 17. Mgonjwa akilazwa pamoja na jamaa wa kumuuguza, boma hupoteza siku 34 za kazi, mbali na nauli na chakula.

Kwa wajawazito, walio hoi na wenye virusi vya Ukimwi, hutumiwa dawa nyingine, amfoterisini B, iliyofungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta viitwavyo liposomu.

Inavyofanya kazi

Amfoterisini B ilijulikana tangu miaka ya 1950. Huua vimelea, lakini ikitiwa mwilini bila kifuko huumiza figo.

Ndipo wanasayansi wakaunda kifuko chenye upana usiofika nanomita 100. Gawanya milimita moja mara milioni. Kila kipande ni nanomita moja.

Vimelea vya kala-azar hujificha ndani ya chembe za kinga, hasa kwenye bandama, ini na uboho. Kazi ya chembe hizo ni kumeza kitu kigeni kinachopita kwenye damu. Zinapomeza kifuko, humeza na dawa, nayo humfikia adui ndani ya maficho yake. Figo huumia kidogo zaidi.

Hesabu ya gharama

Mwaka 2007, WHO ilikubaliana na kampuni ya Gilead kwamba chupa moja ya miligramu 50 ya dawa hiyo, AmBisome, iuzwe dola 18 za Marekani kwa nchi maskini.

India ilianza mwaka 2014 kutumia dozi moja ya miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 50 huhitaji chupa 10, yaani dola 180 kwa bei hiyo. Nchi jirani ya Bangladesh ilithibitishwa na WHO mwaka 2023 kuwa imetokomeza kala-azar kama tatizo la afya ya umma.

Hata hivyo, majaribio yaliyofanywa Sudan na Ethiopia yalionyesha kwamba dozi moja haitoshi huku kwetu. Huhitajika hadi miligramu 30 kwa kilo, yaani chupa 30, au dola 540. Mfugaji hawezi kubeba mzigo huo peke yake, na ndiyo maana misaada ya dawa, kama ule wa chupa 445,000 ambao Gilead iliahidi mwaka 2011, ni muhimu.

Pia, dawa hiyo haistahili kuwekwa kwenye joto linalozidi nyuzi 25, jambo gumu katika zahanati za nyanda kame zisizo na umeme.

Ushauri kwa mfugaji

Epuka kukaa kwenye vichuguu jioni, na lala ndani ya chandarua. Homa ikizidi wiki mbili na dawa za malaria zisisaidie, omba kupimwa kala-azar. Vituo vya Kimalel na Kacheliba nchini Kenya, na Amudat nchini Uganda, vina uzoefu wa kuitibu.