Uhakiki wa Vitenganishi vya Maelfu katika Usomaji wa Namba kwa Lugha ya C: Mfano wa Daftari la Kahawa la Buganguzi

1.0 Utangulizi

Buganguzi ni kata ya Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, ambako kahawa ni zao la biashara. Katika daftari la ununuzi, uzito huandikwa kwa kilo na malipo kwa shilingi, na namba yenye tarakimu zaidi ya tatu kwa kawaida hutengwa kwa mkato: kilo 1,250; shilingi 3,750,000/=. Mkato huo humsaidia msomaji kuona ukubwa wa namba kwa haraka. Taarifa zinapoingizwa katika kompyuta, programu ndiyo inayopaswa kuamua maana ya mkato huo. Makala haya yanaeleza namna ya kufanya uamuzi huo kwa lugha ya C. Hoja yake kuu ni kwamba kitenganishi ni ushahidi wa namna namba ilivyoandikwa, hivyo kihakikiwe kabla ya kuondolewa.

2.0 Tabia ya maktaba sanifu

Fanksheni strtol husoma tarakimu hadi inapokutana na herufi isiyoitambua. Katika mazingira ya "C", ambayo ndiyo huanza nayo kila programu, ikipewa "1,250" hurejesha 1 na kuacha kielekezi chake cha mwisho kwenye mkato. Thamani ya errno haibadiliki, kwa kuwa hakuna namba iliyovuka kikomo. Fanksheni atoi nayo hurejesha 1, bila hata kuonesha iliishia wapi. Tuchukue bei ya kubuni ya shilingi 3,000 kwa kilo: mkulima anayestahili shilingi 3,750,000 ataandikiwa shilingi 3,000. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kukagua kielekezi cha mwisho kila mara.

3.0 Udhaifu wa kufuta mikato

Suluhisho linalovutia kwa wepesi wake ni kufuta mikato yote kisha kuita strtol. Njia hii huisoma "1,250" sawasawa, lakini huficha makosa ya uandishi. Karani akisahau sifuri na kuandika "1,25", programu itapokea 125, na malipo yatashuka hadi shilingi 375,000. Kosa la namna hii ni baya kuliko lile la kwanza, kwa kuwa 125 ni uzito unaoaminika na hautamshtua mkaguzi. Ilhali mkato uliofuatwa na tarakimu mbili tu ulikuwa umekwisha kulionesha kosa hilo.

4.0 Kanuni za uhakiki

Mchanganuzi makini husoma herufi moja baada ya nyingine, akihesabu tarakimu za kila fungu, na kuzingatia kanuni zifuatazo:

(i) Namba isiyo na kitenganishi chochote ikubaliwe.
(ii) Kitenganishi kikiwapo, fungu la kwanza liwe na tarakimu moja hadi tatu, na lisianze na sifuri.
(iii) Kila fungu linalofuata liwe na tarakimu tatu kamili, likiwemo la mwisho.
(iv) Kabla ya kuzidisha jumla n kwa 10 na kuongeza tarakimu d, ihakikishwe kuwa n haizidi (kikomo - d) / 10.
(v) Kinachobaki baada ya namba kiwe mwisho wa mfuatano, au alama iliyoruhusiwa wazi, kama "/=" katika safu ya fedha.

Kwa kanuni hizi, "1250" na "1,250" hukubaliwa. "1,25", "1250,000", "1,,250", "1,250," na "0,125" hukataliwa.

5.0 Mpaka wa uhakiki wa umbo

Umbo sahihi halithibitishi maana. Kagera imepakana na Burundi, ambako Kifaransa ni mojawapo ya lugha rasmi, na katika uandishi wa Kifaransa mkato ni alama ya desimali: "1,250" ni moja na robo. Lugha yenyewe pia haitoshi kuwa kigezo. Katika hifadhidata ya CLDR ya Unicode, Kiswahili cha Tanzania hutumia mkato kutenga maelfu, ilhali Kiswahili cha Kongo huutumia kwa desimali.

Lugha ya C hutoa taarifa hizi kupitia localeconv, katika sehemu za thousands_sep, grouping na decimal_point. Ikumbukwe kuwa thousands_sep ni mfuatano wa herufi, hivyo kitenganishi chaweza kuchukua baiti zaidi ya moja. Hata hivyo, localeconv hueleza mpangilio wa kompyuta inayosoma. Haielezi desturi ya mkono ulioandika.

6.0 Hitimisho

Uhakiki wa mafungu hunasa namba zilizoandikwa kinyume cha desturi iliyotarajiwa, lakini hauwezi kunasa namba iliyoandikwa vema kwa desturi nyingine. Kwa sababu hiyo, desturi ya uandishi itajwe pamoja na kila safu ya taarifa, na ingizo lenye shaka lirudishwe kwa karani badala ya kukisiwa. Kurudisha ingizo humgharimu karani dakika chache; kulikisia huweza kumgharimu mkulima mavuno ya msimu.