Kupaka Gari Nta: Niliyojifunza Baada ya Kumharibia Mzee Boneti

Makala hii ni nusu somo na nusu kuomba radhi. Septemba mwaka jana nilimkwaruzia mzee wa watu boneti zima la gari lake, tena kwa nia njema kabisa. Wengi wenu mnamjua: ni yule Mzanzibari, dereva wa basi mstaafu, anayetuazima gari kila mwaka twende kuwapokea wanafunzi wapya uwanja wa ndege. Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya buluu iliyokoza, karibu na nyeusi, na analitunza kama mtoto.

Safari zilipokwisha nikaona si uungwana kulirudisha na tope. Nikanunua kopo la nta, au waksi kama wengi tunavyosema, lililoandikwa kwamba ni ya asili tupu. Nikalimwagia gari maji juu juu, nikachukua fulana yangu kuukuu, nikaanza kusugua kwa miduara saa saba mchana, siku ambayo hata jua la Uingereza liliamua kuwaka. Nta ikakauka ikawa ngumu kabla sijaifuta, nikaongeza nguvu. Usiku taa za barabarani zilipowaka ndipo nilipoona: boneti lote limejaa mikwaruzo ya duara kama utando wa buibui, na plastiki nyeusi za bampa zina madoa meupe kama za mtu aliyetoka kupiga chokaa. Kesho yake mzee alipitisha kiganja juu ya boneti, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, ungeniuliza." Basi. Hakuongeza neno, na hilo ndilo liliniuma.

Aibu ilikuwa mara mbili, maana mimi nasomea uhandisi, na kazi yangu maabara ni nyuso za metali na namna zinavyolika. Nikarudi kujifunza kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Tuanze na rangi yenyewe. Gari la kisasa lina tabaka kadhaa juu ya bati: la kuzuia kutu, la kusawazisha, la rangi unayoiona, na juu kabisa lile angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi wa nyumbani huliita kliya. Yote kwa pamoja, rangi ya kiwandani, kwa kawaida ni kati ya maikroni 100 na 150. Unywele wa binadamu ni kama maikroni 70, kwa hiyo kila unachokiona kinang'aa ni unene wa nywele mbili hivi. Kliya peke yake ni maikroni 40 au 50, na ndiyo inayobeba kinga dhidi ya jua. Ikiisha, rangi ya chini hupauka na kubanduka, na hapo hakuna nta itakayokusaidia, ni kupiga rangi upya.

Niliazima kipimo cha unene wa rangi nikaenda nacho kwa mzee. Boneti lilisoma 108, paa 115, milango karibu hivyo hivyo, ila mlango mmoja wa nyuma ukasoma 260. Mzee akacheka sana. Kumbe ule mlango uliwahi kugongwa ukapigwa rangi upya, na yeye alipolinunua gari hakuambiwa!

Mikwaruzo yangu ilikuwa ndani ya kliya. Haikuletwa na nta. Ililetwa na mchanga uliobaki kwenye gari kwa sababu sikuliosha sawasawa, nami nikausugua kwa fulana kama msasa. Kuiondoa kuna njia moja tu, kung'arisha kwa dawa yenye chembechembe laini, yaani kuikwangua kliya mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo. Nilifanya hivyo kwa mkono jioni mbili, na kipimo kikaonyesha boneti limepungua kama maikroni 3. Si nyingi, lakini hazirudi. Gari halina maikroni za kuchezea kila Jumamosi.

Nta ni kitu kingine kabisa. Haikwangui wala haitibu. Inaongeza tabaka jembamba mno juu ya kliya, ambalo kazi yake ni kuharibika badala ya kliya: mvua, chumvi, mafuta ya barabarani na kinyesi cha ndege vinaila nta kwanza. Tena hujaza vijishimo vidogo, ndiyo maana mwanga hurudi kwa mpangilio na rangi iliyokoza huonekana ina kina, kama imelowa. Kwa sababu hiyo hiyo nta huficha mikwaruzo midogo kwa muda. Unapokwenda kununua gari kuukuu likawa linang'aa mno, limulike kwa tochi ya simu kwa pembeni kabla hujatoa pauni zako.

Sasa nta ya asili ni ipi? Mbili ndizo utakazokutana nazo zaidi. Ya kwanza ni ya nyuki, tunayoijua. Ya pili ni karnauba, inayotoka kwenye mnazimwitu wa kaskazini-mashariki mwa Brazili, majimbo ya Ceará, Piauí na jirani zake. Majani yake yamefunguka kama pepeo, yanafanana na ya mvumo wetu wa pwani. Kiangazi cha huko ni kikali, na mti hujifunika nta ili maji yasipotee. Wavunaji hukata majani, huyaanika, kisha huyapukutisha unga wa nta na kuuyeyusha. Nta iyo hiyo inaliwa: tazama pakiti ya peremende za jeli, ukiona E903 ndiyo karnauba, na E901 ni ya nyuki. (Niongeze hapa kwamba neno "asilia" kwenye kopo halisemi chochote kuhusu aliyeyakata hayo majani. Mwaka 2017 televisheni ya ARD ya Ujerumani ilionyesha vibarua wa karnauba waliolala nje na kukosa hata vyoo. Sisi tunaotoka nchi za mkonge na chai tunaielewa habari hiyo bila kutafsiriwa.)

Tofauti kubwa kati ya hizo mbili ni joto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, karnauba kwenye nyuzi 82 hadi 86. Hapa Uingereza tofauti hiyo huioni. Lakini wapo kati yetu wanaosafirisha magari nyumbani wakimaliza masomo, na wenye ndugu Maskati wanajua: boneti jeusi lililoegeshwa juani Dar es Salaam, Mombasa au Omani laweza kupita nyuzi 70. Huko nta ya nyuki peke yake inageuka mafuta.

Hilo nimelishuhudia kwa mikono yangu. Rafiki mmoja alileta bonge la nta kutoka Tabora, nzuri, ina harufu ya asali, tukasema mbona tununue za madukani? Tukaiyeyusha, tukachanganya na tapentaini kama wanavyofanya mafundi samani, tukapaka mlango mmoja wa gari lake. Siku mbili uling'aa. Lilipokuja joto kidogo mlango ukanata, kila vumbi la mtaa likaja kukaa pale, na kuliondoa ilibidi tuoshe kwa sabuni ya vyombo mara tatu. Nta ya nyuki si mbaya, imo ndani ya makopo mengi mazuri, ila kazi yake humo ni kulainisha. Ugumu unatoka kwa karnauba. Na tafadhali, msijaribu kupika tapentaini kwenye jiko la bweni: mvuke wake unashika moto haraka.

Kuhusu "karnauba asilimia 100" iliyoandikwa kwa dhahabu juu ya kifuniko, msibabaike. Karnauba halisi hutoka kwa vipande vigumu kama plastiki, ukikisugua kwenye gari utakwaruza tu. Ili ipakike lazima ichanganywe na kiyeyusho na mafuta, na kiyeyusho hicho mara nyingi hutokana na petroli. Kwa kawaida maneno yale yana maana kwamba nta iliyomo ni karnauba pekee, si kwamba kopo zima ni karnauba. Ninachoangalia mimi ni mambo mawili. Kwanza, je, lina chembechembe za kukwangua? Makopo yanayoahidi kusafisha na kuondoa mikwaruzo kwa mpigo mmoja kwa kawaida yanazo. Chukua kidogo usugue kati ya vidole, utazihisi. Kwa gari ambalo rangi yake ni nzima sizitaki. Pili, bei. Kopo la pauni 10 au 15 linatosha kabisa. Yako ya mamia ya pauni, na kusema kweli macho yangu hayaoni tofauti.

Nako kopo moja halimaliziki. Fanya hesabu: tuseme eneo la bati la gari dogo ni mita za mraba 9, na tabaka la nta lina maikroni 1, ambayo ni ukarimu. Hiyo ni sentimita za ujazo 9, hata kijiko cha chakula hakijai! Gari zima. Chochote unachopaka zaidi ya hapo utakifuta na kukitupa, na katika kukifuta utatumia nguvu, na nguvu ndiyo iliyoniponza.

Kazi kubwa basi iko kabla ya kopo kufunguliwa. Suuza gari kwanza kwa maji mengi bila kuligusa, mchanga udondoke wenyewe. Kisha ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glovu kabla hujairudisha kwenye shampuu. Anzia paa ushuke chini, maana sehemu za chini ndizo chafu zaidi, na matairi yawe na kitambaa chake. Sabuni ya vyombo itumie pale tu unapotaka kuondoa nta ya zamani. Kausha kwa taulo la maikrofaiba, hasa kusini mwa nchi na London ambako maji yana chokaa nyingi. Wanaosema tone la maji ni lenzi linalochoma rangi wanakosea. Doa unaloliona ni chokaa iliyobaki tone lilipokauka.

Gari likishakauka, ingiza mkono ndani ya mfuko mwembamba wa nailoni upapase boneti taratibu. Utashangaa. Gari linaloonekana safi litakuwa na vipele kama uso wa kijana wa miaka 15: vumbi la chuma la breki, lami, utomvu wa miti. Maji hayavitoi. Kuna udongo maalumu wa kazi hiyo, unafanana na ule wa watoto wa shule ya chekechea. Lowesha rangi kwa maji ya shampuu, telezesha kipande cha udongo bila kukikandamiza, ukikunje kila kinapochafuka. Kikidondoka chini, kitupe, hata kama ni kipya. Mzee aliponiona nafanya hivyo alisema, "Hapo sasa umeanza kuwa na adabu na gari."

Baada ya hapo kupaka nta ni mchezo. Tafuta kivuli, na bati liwe la baridi ukiligusa kwa kiganja. Funika plastiki nyeusi kwa utepe wa wapiga rangi. Lowesha sponji kidogo, lipitishe kwenye nta mara moja, paka nusu ya boneti kwa mistari iliyonyooka, nyembamba kiasi kwamba unakuwa na shaka kama umepaka. Ngoja ifanye ukungu. Pitisha kidole: kikiacha njia safi, futa kwa maikrofaiba bila nguvu, kikiacha utelezi, ngoja zaidi. Siku ya unyevunyevu inaweza kuchukua robo saa au zaidi. Kisha nenda sehemu nyingine. Tabaka la pili siku inayofuata lina faida moja hasa, linafunika pale ulipopasahau.

Nta ya asili haidumu. Gari linalolala nje hapa hupata wiki sita hivi, miezi miwili ukibahatika, na ukilipitisha kwenye zile sehemu za kuoshea kwa mkono zinazotumia sabuni kali, huenda ikaondoka siku hiyo hiyo. Kinga za viwandani za polima hudumu zaidi, na zile za seramiki zaidi ya hapo. Mwenye shughuli nyingi anunue hizo bila kuona haya. Mimi nimebaki na karnauba kwa kuwa ni rahisi kuipaka na ni rahisi kuiondoa nikikosea, na historia yangu mnaijua.

Wakati muhimu kuliko yote kwetu ni Oktoba, kabla halmashauri hazijaanza kumwaga chumvi barabarani, na tena Machi ikishakwisha. Ila tusidanganyane: nta ya juu hailindi uvunguni. Huko chumvi inakaa na kula bati kimyakimya, kwa hiyo majira ya baridi elekeza mpira wa maji chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu kila baada ya wiki mbili. Kinyesi cha ndege nacho usingoje Jumamosi. Kiloweshe kwa kitambaa chenye maji dakika chache, kisha kinyanyue, usikisugue.

Gari la mzee nalipaka mimi sasa, mara nne kwa mwaka, naye hukaa kwenye kiti barazani na kikombe chake cha kahawa akinisimamia. Ndoo mbili, udongo na kopo lililobaki robo tatu viko kwangu, na mwanachama yeyote anaruhusiwa kuazima. Mataulo yarudi yamefuliwa, peke yake, bila ile dawa ya kulainishia nguo, maana huziba nyuzi zake na taulo likaacha kunyonya maji.